Hekalu la "Mama Mkwe na Mkwe" juu ya ngome ya Gwalior, India: hili jina lilitoka wapi hasa?

#1 MtembeziKibada

Wakuu salaam. Nipo India kimasomo, Delhi, mwaka wa pili sasa. Wiki iliyopita tulipata mapumziko nikapanda treni asubuhi nikashuka Gwalior, ni kama kilomita 320 kusini ya Delhi, unaipita Agra ambako wote huwa tunakimbilia kupiga picha Taj Mahal halafu tunarudi. Sasa pale Gwalior kuna kilima kimekaa peke yake katikati ya mji, juu bapa kama meza, pembeni mwamba umekatika wima, na ukingoni wamezungusha ukuta. Toka chini hadi juu ni karibu mita 100, na toka ncha moja hadi nyingine ni zaidi ya kilomita 2. Hiyo yote ni ngome moja. Ndani kuna majumba ya wafalme, mabwawa, shule ya bweni, nyumba ya ibada ya Singasinga, na mahekalu ya kale ya Wahindu ambayo ndiyo yamenifanya nianzishe huu uzi.

Mawili yamekaa jirani upande wa mashariki, ukingoni kabisa mwa jabali, moja kubwa moja dogo. Wanayaita Sas Bahu. Sas ni mama mkwe, bahu ni mke wa mtoto wako wa kiume. Kijana aliyekuwa anatutembeza anasema mama mkwe alikuwa anamwabudu Vishnu akajengewa hilo kubwa, kijana wake akaoa binti anayemwabudu Shiva, basi ikabidi na yeye ajengewe lake pembeni.

Mimi sikuridhika. Lile kubwa ni ghorofa tatu za mawe matupu, limechongwa nje ndani hadi unakosa pa kuweka kidole, yani mtu afanye kazi yote ile halafu aliite "mama mkwe"? Mwenye nondo ashushe.

#2 DadaWaIlala

Mi naona jibu liko wazi. Mzee wa watu alichoka kusuluhisha ugomvi wa jikoni akaona bora kila mmoja awe na pa kuombea. Angekuwa Ilala angejenga vyumba viwili na uzio katikati.

#3 Mzee wa Mvita

Dada hapo juu umenichekesha asubuhi.

Mleta mada, kabla ya yote rekebisha hilo la kichwa cha uzi. Mke wa mwanao kwetu pwani haitwi mkwe hivihivi, ni mkaza mwana, wengine husema mkamwana. Mkwe ni neno pana, linamchukua baba mkwe, mama mkwe, na mume wa binti yako. Lugha inalo neno lake kamili kabisa, tulitumie. Hekalu la Mama Mkwe na Mkaza Mwana.

#4 MtembeziKibada

Nimepokea mzee wangu, shikamoo. Kichwa nimeshindwa kukibadilisha ila huku ndani tutaandika hivyo.

#5 NondoNzito

Mleta uzi hiyo hadithi ya kijana wa kuwatembeza watalii utaisikia kila siku pale lakini maandishi yenyewe yapo ukutani na hayasemi hivyo. Ukumbini kwenye lile hekalu kubwa kuna maandishi marefu ya Kisanskriti, yana mwaka, kwa hesabu yetu ni 1093. Yanasema mfalme Padmapala ndiye alianza kujenga, akafariki kazi haijaisha, akaja Mahipala akamalizia. Ni wafalme wa ukoo wa Kachchhapaghata, jina ambalo maana yake ni "wauaji wa kobe". Na mungu aliyewekwa mle anaitwa Padmanatha, ni jina mojawapo la Vishnu na hapo hapo linamkumbuka mfalme Padmapala. Kwahiyo hekalu lilikuwa na jina lake siku ya kwanza na mama mkwe hayumo.

Sas Bahu inatoka kwenye Sahasrabahu. Sahasra ni elfu, bahu ni mkono. Mwenye mikono elfu, sifa ya Vishnu. Watu wa kawaida wakalifupisha mdomoni likawa Sas Bahu, halafu wakaja wengine wakasikia "mama mkwe na mkaza mwana" wakatunga hadithi ya kuendana na sauti. Kesi imefungwa.

#6 MkaaDelhi

Kesi haijafungwa mkuu. Mimi nipo huku mwaka wa sita na Kihindi nakiongea sokoni hadi napunguziwa bei. Mkono ni BAAhu, unavuta mwanzo. Mke wa mwana ni baHUU, unavuta mwisho. Kwa maandishi ya Kilatini yanafanana lakini kwa sikio la mwenyeji ni maneno mawili tofauti kama kwetu "paka" mnyama na "paka" rangi yangekuwa yanatamkwa tofauti. Siyo kwamba haiwezekani, maneno yanachakaa, lakini usiseme imefungwa.

Halafu hoja ya pili. Huko Rajasthan, sehemu inaitwa Nagda karibu na Udaipur, kuna mahekalu mengine mawili jirani, moja kubwa moja dogo, nayo yanaitwa Sas Bahu hivyohivyo. Sasa kama jina limetokana na kosa la ulimi Gwalior, hilo kosa lilisafiri vipi? Mi nadhani ni mazoea tu ya watu, wakiona majengo mawili yamekaa pamoja moja kubwa moja dogo wanasema huyo ni mama mkwe na yule mkaza mwana. Kama sisi tunavyoita vilima viwili Mume na Mke.

#7 NondoNzito

Nagda nako ni mahekalu ya Vishnu mkuu. Hoja yako inarudi kwangu.

#8 MkaaDelhi

Inarudi nusu. Nusu nyingine naibaki nayo.

#9 Msomaji Kimya

Nimekaa mbele hapa na karanga zangu, endeleeni.

#10 KijanaWaKisumu

Niaje watu wangu. Mimi nilishafika Gwalior 2019 na hekalu lililonibamba ni la jua, Sun Temple, limejengwa kama gari la farasi na magurudumu ya mawe. Nashangaa hakuna aliyelitaja na ndilo kongwe kuliko yote pale juu.

#11 NondoNzito

Hapana ndugu yangu, umechanganya. Hilo la gari la farasi halipo ngomeni, lipo mjini upande wa Morar, na limejengwa miaka ya 1980 na familia ya Birla kwa kuiga lile la kale la Konark kule Odisha. Zuri ndiyo, kongwe hapana.

Ila umegusa jambo bila kujua. Hekalu la kwanza kabisa kutajwa juu ya kile kilima kweli lilikuwa la jua! Yalipatikana maandishi ya mwanzoni mwa karne ya 6, enzi ya mfalme Mihirakula wa Wahuna, yanasema mtu mmoja anaitwa Matricheta alijenga hekalu la jua la mawe juu ya mlima unaoitwa Gopa. Hekalu lenyewe halipo tena, jiwe la maandishi liko makumbusho ya Kolkata.

#12 KijanaWaKisumu

Asante kwa kunirekebisha. Basi nilikuwa karibu, kwa miaka 1400 hivi.

#13 BintiMakunduchi

Nondo hapo pa Gopa pananivutia. Mie nilisoma kwamba jina Gwalior linatokana na mtawa mmoja Gwalipa. Mkuu wa eneo lile Suraj Sen alikuwa na ukoma, siku moja yuko mawindoni na kiu imemshika akakutana na huyo mtawa kilimani, akampa maji ya kidimbwi akanywa akapona palepale. Ndo akaambiwa apanue kidimbwi na ajenge ngome, na abadili jina awe Suraj Pal, na wanawe watashika ngome maadamu wanajiita Pal. Inasemekana 83 walishika neno na wa 84 akajiita Tej Karan, ngome ikamtoka. Kidimbwi chenyewe kipo hadi leo, Suraj Kund.

Sasa ni mtawa au ni Gopa?

#14 NondoNzito

Gopa ni mchunga ng'ombe. Mlima wa wachungaji, Gopagiri, Gopachala, ndivyo maandishi yote ya kale yanavyoita. Na mpaka leo Kihindi mchunga ng'ombe ni gwala. Mtawa alizaliwa kutoka kwenye jina, jina halikuzaliwa na mtawa.

#15 BintiMakunduchi

Na mbona Suraj maana yake ni jua, na kidimbwi ni cha jua, na wewe mwenyewe umetuambia palikuwa na hekalu la jua? Mie naona hadithi imebeba kumbukumbu ya kitu cha kweli. Wazee hawatungi kutoka hewani. Huenda watu walikuwa wanapanda kuoga maji yale kwa ajili ya maradhi ya ngozi tangu enzi za hekalu la jua, hekalu likaanguka, maji yakabaki na hadithi ikabaki.

#16 MkaaDelhi

Hapo Binti nakuunga mkono. Huku Wahindu wengi mpaka leo wanamhusisha mungu jua na kuponya ngozi, ukoma hasa.

#17 Fundi Mwashi

Nyie mnagombana majina, mimi nimeangalia picha alizoweka mleta mada na nimeshindwa kulala. Miaka 22 najenga, naomba niseme kidogo.

Lile jengo halina arch, yaani tao, hata moja ya kweli. Angalieni vizuri. Kila mahali ni nguzo, juu yake boriti ya jiwe, juu yake boriti nyingine. Jiwe lina tabia moja, ukiligandamiza linavumilia mzigo wa ajabu, lakini ukilifanya linta refu linapasuka kwa chini maana kule chini linavutwa na jiwe halipendi kuvutwa. Sisi leo tunaweka nondo ndani ya zege ili nondo ibebe huo mvuto. Wao hawakuwa na nondo. Ndio maana nguzo zimesongamana vile, siyo urembo tu, ni kwamba boriti ya jiwe haivuki upana mkubwa.

Sasa ukumbi wa katikati walitaka uwe mpana na juu yake paa la piramidi zito la kutisha. Walifanyaje? Wanapanga mawe kila safu inachomoza kidogo ndani kuliko ya chini yake, safu kwa safu, pembe kwa pembe, hadi juu yanakutana. Hiyo ni akili. Na mtaona katikati ya ukumbi kuna nguzo nne nene kuliko zote, zimekaa kama watu wazima kati ya watoto. Mimi naapa hizo ziliongezwa baada ya fundi kuona paa linamtisha. Mzigo ulizidi hesabu.

Linganisha na nyumba zetu za mawe Lamu na Zanzibar. Matumbawe na chokaa, dari boriti za mikoko, na boriti ya mkoko inakupa chumba cha mita mbili na nusu hadi tatu basi, ndio maana vyumba vya kizamani vyote ni virefu na vyembamba. Kila fundi anatawaliwa na boriti yake.

#18 MtembeziKibada

Fundi umenipa macho mapya. Zile nguzo nne niliziona nikadhani ni za heshima kwa mungu tu. Na kile chumba cha ndani kabisa anapokaa mungu ni kidogo, giza, ukilinganisha na ukumbi wenyewe. Mnara uliokuwa juu yake haupo, umeanguka, kilichobaki ni lile paa la ukumbi.

#19 NondoNzito

Fundi yuko sahihi kuhusu nguzo nne, hata wapimaji wa Kiingereza wa karne ya 19 waliandika hivyohivyo kwamba zimewekwa kusaidia uzito wa paa. Ramani yake ni msalaba, milango mitatu yenye baraza na upande wa nne ndiyo chumba cha mungu.

#20 DadaWaIlala

Kwahiyo hata mama mkwe alihitaji watu wanne wa kumbeba. Haya naondoka.

#21 Mzee wa Mvita

Rudi dada, uzi haunogi bila wewe.

Mimi nina swali la ngome. Kwetu Mombasa Fort Jesus ilianza kujengwa 1593, mchoraji wake Muitaliano Cairati aliyekuwa mkuu wa majengo ya Wareno huko Goa, India. Waomani waliizingira toka 1696 mpaka 1698, karibu miaka mitatu, na waliokufa ndani wengi walikufa kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Sasa hiyo ngome yenu ya juu ya jabali maji walikuwa wanapata wapi? Ngome bila maji ni kaburi lenye ukuta.

#22 BintiMakunduchi

Ndo uzuri wake mzee! Juu kule kuna mabwawa mengi wamechimba kwenye mwamba. Suraj Kund nishasema, kuna Jauhar Kund, kuna kisima cha nguzo 80 wanakiita Assi Khamba ki Baoli unashuka kwa ngazi mpaka majini. Mvua ya masika yao ikinyesha miezi mitatu wanakusanya yote. Sultani Iltutmish wa Delhi alipoizingira ilimchukua miezi 11, akaingia mwaka 1232, na hapo kwenye Jauhar Kund ndipo wanawake wa wafalme walijichoma moto wasikamatwe. Jina la bwawa ndilo hilo, jauhar ni huko kujichoma. Nikisoma hapo huwa nafunga kitabu kwanza.

#23 NondoNzito

Na haikuwahi kuvunjwa kirahisi. Kuna msemo mashuhuri wa Mfalme Babur, yule aliyeanzisha dola ya Wamughal, kuwa Gwalior ni lulu katika mkufu wa ngome za India.

#24 MkaaDelhi

NondoNzito leo nakukamata. Huo msemo kila tovuti inampa Babur lakini siyo wake. Upo kwenye historia ya Kiajemi ya mwanzoni mwa karne ya 13 iitwayo Taj-ul-Maathir, wakati masultani wa kwanza wa Delhi ndio wanaikamata. Babur kazaliwa 1483. Babur alifika pale 1528 akaandika alichokiona mwenyewe, jumba la mfalme Man Singh alilisifia, na sanamu kubwa za Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya kale ya India, zilizochongwa kwenye mwamba wa Urwahi aliziamuru zivunjwe.

#25 NondoNzito

Nakubali, nimekosea, nilikuwa nabeba kama nilivyokuta. Asante mkuu.

#26 MtembeziKibada

Zile sanamu nimeziona! Njia ya gari inapita katikati yake, upande wa magharibi. Moja imesimama karibu mita 17, mtu uko miguuni pake hufiki hata kwenye goti. Nyingi nyuso zimekwanguliwa, baadhi Wajaini wamezirudishia kwa plasta baadaye. Zilichongwa karne ya 15 chini ya wafalme wa Tomar, Dungar Singh na mwanawe, kwahiyo Babur alizikuta hazina hata miaka 100. Dereva wetu alisimamisha gari bila kuambiwa.

#27 MwalimuWaHesabu

Ngoja kwanza. Umepanda kwa gari upande wa magharibi?

#28 MtembeziKibada

Ndiyo mwalimu, mguu ulikuwa unauma.

#29 MwalimuWaHesabu

Ndugu yangu umekosa kitu kikubwa kuliko vyote!! Njia ya miguu ni ya mashariki, ile inayopita mageti moja baada ya lingine, na njiani kabla hujafika juu kuna kihekalu kidogo kimechongwa kutoka kwenye mwamba mmoja, Chaturbhuj, yaani mwenye mikono minne, ni Vishnu tena. Ndani kuna maandishi ya mwaka 876. Mtu anaitwa Alla, alikuwa mlinzi wa ngome chini ya wafalme wa Pratihara, anaandika kuwa mji umetoa ardhi ya bustani ya maua kwa hekalu, urefu dhiraa 270 upana dhiraa 187, na wakulima wa maua watatoa mashada 50 kila siku.

270 na 50. Sifuri zote mbili zimechorwa kiduara kidogo, kama unavyoandika wewe leo kwenye simu yako. Nafundisha hesabu sekondari mwaka wa 15 na kila mwaka nawachorea watoto ile 270 ubaoni. Hii ndiyo sifuri ya kwanza duniani.

#30 NondoNzito

Mwalimu naungana na furaha yako ila "ya kwanza duniani" irekebishwe. Kambodia, sehemu ya Sambor, kuna jiwe la mwaka 683 lina tarakimu 605, ndiyo huo mwaka kwa kalenda ya Saka ya Kihindi, sifuri yake ni nukta. Na kuna hati ya Bakhshali iliyoandikwa kwenye magome ya mti, 2017 watu wa Oxford walipima kurasa zake wakasema baadhi ni za karne ya 3 au ya 4, wataalamu wengine wakawapinga kwamba hati haiwezi kuwa na kurasa za enzi tatu tofauti.

#31 MwalimuWaHesabu

Nukta ni nukta. Mimi nasema ya duara, ndani ya India yenyewe, iliyokatwa kwenye jiwe na ina mwaka wake. Hiyo sifa haijanyang'anywa.

Na tusisahau neno lenyewe. Wahindi waliita shunya, tupu. Waarabu wakatafsiri sifr, tupu vilevile. Sisi tukalichukua sifuri kwa Waarabu, na Wazungu wakalichukua palepale wakalipinda hadi likawa ziro. Mtoto wa Mkuranga akisema sifuri anatamka neno lililo karibu na chimbuko kuliko mtoto wa London.

#32 Mzee wa Mvita

Allah akubariki mwalimu. Hili nitawasomea wajukuu leo usiku.

#33 BintiMakunduchi

Kwenye hayo maandishi ya Alla kuna jambo jingine linarudi kwenye mada. Wakuu wa wakamua mafuta wa mji waliahidi kutoa mafuta ya taa za hekalu daima. Na pale juu hekalu refu kuliko yote linaitwa Teli ka Mandir, hekalu la mkamua mafuta! Teli ni mwenye kazi ya kukamua mafuta. Basi mie naona wenye vinu walichanga, hekalu likaitwa lao.

#34 MkaaDelhi

Wengine wanasema Teli ni Telangana, watu wa kusini, kwa sababu paa lake halifanani na mahekalu ya kaskazini. Badala ya mnara unaochongoka lina paa refu la mviringo kama pipa lililolazwa, kama milango mikubwa ya mahekalu ya kusini.

#35 Fundi Mwashi

Nimeliangalia. Chumba chake cha ndani ni cha mstatili, siyo mraba. Ukishaweka msingi wa mstatili mnara wa kuchongoka unakataa, itabidi uezeke kwa kulaza. Paa limeamuliwa na msingi, siyo kabila la fundi.

#36 NondoNzito

Na hata jina la hilo paa lipo kwenye mafunzo ya kaskazini, valabhi. Swali gumu zaidi ni mungu gani alikaa mle. Mlangoni juu kuna Garuda ndege wa Vishnu, watu wakasema Vishnu. Kuta zina miungu wa kike, na chumba cha mstatili kinafaa kuweka sanamu nyingi mstari mmoja, wengine wakasema ni hekalu la Mama, la akina Durga. Baadaye ndani likawekwa linga, lile jiwe la kumwakilisha Shiva. Chukua unayempenda.

#37 KijanaWaKisumu

Na mkumbuke Waingereza waliposhika ngome baada ya vita vya 1857 na 1858 walilifanya kiwanda cha soda na mkahawa wa askari. Hiyo niliambiwa pale na nikaisoma. Hekalu la miaka 1100, unafungulia soda ndani. Hadi nilipoondoka roho ilikuwa inauma. Lilikuja kukarabatiwa miaka ya 1881 hadi 1883, na ngome ikarudishwa kwa Maharaja Scindia 1886, Waingereza wakachukua mji wa Jhansi.

#38 DadaWaIlala

Hapo hata mimi sina utani. Inauma.

#39 Mzee wa Mvita

Fort Jesus nayo Waingereza waliifanya jela mpaka miaka ya 1950. Gereza kwa maana ya jela, maana neno gereza lenyewe wazee wetu waliita ngome ya Mreno, kutoka kwenye neno lao la kanisa. Ngome, kanisa, jela, neno moja limebeba yote.

#40 MkaaDelhi

Gwalior pia mzee. Vyumba vya chini vya jumba la Man Singh, kule juu nje kumepambwa vigae vya buluu na bata wa njano, chini ni giza, Wamughal waliwafungia wana wa wafalme. Aurangzeb alimuulia ndugu yake Murad hapo 1661. Na Guru wa sita wa Singasinga, Hargobind, alifungwa hapo na Jahangir. Wanasimulia alipoachiwa alikataa kutoka peke yake, akatoka na wafalme wadogo 52 wameshika pindo za joho lake. Ndiyo ile nyumba ya ibada mleta uzi aliyoiona.

#41 BintiMakunduchi

Naomba niwaunganishe na kwetu kidogo kabla uzi haujafika mbali. Ibn Batuta yule aliyefika Kilwa 1331 akamsifu Sultani al-Hasan bin Sulaiman kwa ukarimu, miaka kama 11 baadaye alipita Gwalior. Anaandika ngome iko juu ya mwamba na langoni kuna tembo wa jiwe na mpandaji wake. Anasema aliwahi kumkuta amiri wa pale anataka kumkata mtu vipande viwili, akamwomba asifanye, yule mtu akafungwa badala ya kuuawa.

Na kabla ya Gwalior alipita mji wa Alapur, mtawala wake Badr, Mhabeshi, Mwafrika mwenzetu, mtumwa wa sultani wa Delhi aliyepewa mji autawale. Ushujaa wake ulikuwa mfano midomoni mwa watu. Anasema alikuwa anakula kondoo mzima kwa mlo mmoja na kushushia samli.

#42 DadaWaIlala

Kondoo mzima? Huyo mama mkwe wake alikuwa na kazi.

#43 NondoNzito

Binti umeleta fumbo zuri. Huyo tembo wa jiwe, lile lango la juu linaitwa Hathi Pol, Lango la Tembo, na vitabu vingi vinasema ni la Man Singh Tomar aliyetawala 1486 hadi 1516. Ibn Batuta anamwona tembo miaka zaidi ya 140 kabla. Kwahiyo ama Man Singh alijenga lango jipya mahali pa la zamani, ama tembo alikuwa mwingine.

#44 Fundi Mwashi

Fundi akikuta tembo mzuri wa jiwe hambomoi, anajenga lango kumzunguka.

#45 MkaaDelhi

Au Man Singh alichonga wake kwa kuiga wa zamani. Babur naye 1528 anamtaja tembo na wapandaji wawili, Ibn Batuta anamtaja mmoja.

#46 KijanaWaKisumu

Kwa hiyo tembo alizaa mpandaji.

#47 Mzee wa Mvita

Na huyo al-Hasan bin Sulaiman ndiye wa Husuni Kubwa kule Kilwa, iko juu ya genge la bahari. Husuni ni ngome kwa Kiarabu, lakini ukiingia ni jumba la kifalme lenye kidimbwi cha kuogea cha pembe nane. Jina linasema ngome, mawe yanasema jumba. Pembeni yake ipo Husuni Ndogo. Kubwa na ndogo, jirani.

#48 DadaWaIlala

Mzee usiseme. Mama mkwe na mkaza mwana.

#49 Mzee wa Mvita

Umenitangulia binti yangu.

#50 MkaaDelhi

Sasa NondoNzito, hiyo ni hoja yangu ya #6 imepata shahidi Kilwa.

#51 NondoNzito

Kilwa hakuna Vishnu mkuu. Nabaki na mikono elfu.

#52 MtembeziKibada

Wakuu asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Jumamosi ijayo narudi Gwalior, tiketi nimeshakata. Safari hii napanda kwa miguu toka mashariki hata mguu ukiuma. Mwalimu, hiyo 270 nikifika niitafute wapi, nisije nikapitiliza tena?

#53 MwalimuWaHesabu

Kaa macho ukikaribia geti la Lakshman, kihekalu kiko hapo hapo, mlango mdogo, wengi wanapita wakidhani ni kibanda cha mlinzi. Wakati mwingine kinafungwa kwa kufuli, mwombe mlinzi kwa adabu. Maandishi yapo ukutani ndani, chukua tochi uimulike kutoka ubavuni siyo mbele, herufi zitajitokeza. Nipigie picha safi ya ile sifuri, nataka niibandike darasani kabla ya mitihani.

#54 Fundi Mwashi

Na mimi nipigie zile nguzo nne kwa chini, pale zinapokaa kwenye sakafu. Nataka nione kama jiwe la sakafu limekatwa kuzipisha au zimewekwa juu yake. Hapo ndipo tutajua ziliongezwa lini.